Umeme wa Land Rover ya zamani: yanayosemwa gereji za Tanga na ukweli wake

"Imefika gereji ikawaka, basi imejirudi."

Haijajirudi. Imepoa, imekauka au imeacha kutikisika. Hitilafu ya umeme inayokuja na kutoka huwa na sharti lake: joto, unyevu, mtikisiko au mzigo. Ikizima kwenye kilima cha kwenda Amani na kuwaka Ngamiani, mjini Tanga, mweleze fundi ilizima baada ya mwendo gani, mvua ilikuwepo au la, na taa zipi zilikuwa zinawaka. Bila hayo ataanza kubadilisha vifaa kwa kubahatisha, na bili ni yako.

"Betri imechoka, nunua mpya."

Betri iliyochoka haichagui siku. Stata huzidi kuwa nzito kila asubuhi. Pima kwanza. Iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwa imechangamka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.4. Gari la dainamo (jenereta ya zamani, kabla ya alteneta) halichaji vizuri injini ikinguruma polepole, kwa hiyo kanyaga mafuta kidogo kabla ya kulaumu kitu.

"Ethi haina shida, bodi yote ni chuma."

Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na chesisi, na hapa ndipo magari mengi ya pwani yanapougulia. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, imefungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu wenye chumvi, aluminiamu huliwa na kufanya unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Gari linalolala Raskazone likipigwa na upepo wa bahari halihitaji miaka mingi kufika hapo.

Dalili zake ni rahisi kuziona: ukiwasha indiketa, taa ya nyuma nayo inakonyeza, ukikanyaga breki, taa ndogo zinafifia. Washa taa, weka mita kwenye volti, ncha moja iguse ganda la kishikio cha balbu, nyingine iguse nguzo ya betri iliyofungwa kwenye chesisi. Ikisoma zaidi ya 0.2, ethi ina kizuizi. (Land Rover nyingi za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zimefungwa nguzo chanya kwenye chesisi, kwa hiyo angalia, usikisie.) Fungua bolti, piga msasa pande zote mbili mpaka metali ing'ae, weka washa ya meno (pete ya chuma yenye meno), kaza, ndipo upake grisi juu. Mimi ningeongeza pia waya mweusi wa milimita za mraba 2.5 kutoka taa za nyuma moja kwa moja hadi kwenye chesisi, na nisiitegemee tena bodi.

Usisahau mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi. Ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, mara nyingi kebo ya choki. Kebo hiyo ikipata moto unapopiga stata, umeshapata jibu.

"Fyuzi inakatika, weka kubwa."

Fyuzi ya kioo ya Lucas (kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya) iliyoandikwa 35 hubeba ampea 17 mfululizo na hukatika kwenye 35. Fyuzi ya kawaida ya dukani yenye namba hiyohiyo hubeba 35 muda wote, na kitakachoungua kabla yake ni waya. Badala yake, toa fyuzi, unga balbu ya wati 21 mahali pake, zima vifaa vyote vya njia hiyo. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Tikisa nyaya kipande kwa kipande. Itakapozimika, mkono wako uko penye jeraha.

"Mita imesoma 12, waya ni mzima."

Waya uliobaki uzi mmoja nao husoma 12, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Pima kwa balbu ileile ya wati 21, inayovuta karibu ampea 1.75. Ikififia, waya au kiungo kimekufa.

"Inazima ikipata moto, ni koili."

Huenda ni koili, inayokuza volti ya kutoa cheche, lakini fungua kwanza distributa, inayogawa cheche kwenye plagi. Ndani kuna waya mfupi laini unaovutwa huku na huku kila bamba la platini (midomo inayokata na kuunganisha umeme wa koili) linapozunguka kidogo. Shaba yake hukatika ndani ya ganda, nje waya unaonekana mzima. Uvute taratibu kwa koleo. Ukinyooka kama mpira, badilisha. Hakikisha pia nafasi ya platini ni milimita 0.35 hadi 0.40, na kondensa (inayozuia platini kuungua) imekazwa.

Kama bado huna uhakika, unga taa ndogo kati ya bodi na upande wa koili unaopokea umeme wa swichi, uiweke mbele ya dereva, kisha endesha. Injini ikizima pamoja na taa, fuata waya mweupe na swichi ya ufunguo. Ikizima taa ikiendelea kuwaka, rudi kwenye koili, platini na kondensa.