Michael Bentt, bondia aliyecheza Sonny Liston

Nikiulizwa ni bondia gani wa uzito wa juu aliyefanya kazi nzuri zaidi kwenye filamu, wengi hutegemea nimtaje Mike Tyson. Mimi namtaja Michael Bentt. Rekodi yake ya ngumi za kulipwa ni mapambano 13 tu: kashinda 11, kapoteza mawili. Katika hayo 13 umo mkanda wa dunia, na hayo mawili aliyopoteza ndiyo yaliyomwandaa kwa kamera.

Bentt alizaliwa London, wazazi Wajamaika, akakulia Queens, New York. Amesimulia mwenyewe kwamba hakuupenda mchezo huu. Baba yake ndiye aliyemsukuma ulingoni, na kwa ukali. Hata hivyo alikuwa hodari, na kwenye ngumi za ridhaa alikuwa miongoni mwa wazito bora wa Marekani. Alipoingia ngumi za kulipwa mwaka 1989 watu walikuwa wanamsubiri. Pambano la kwanza kabisa, dhidi ya Jerry Jones, likaisha raundi ya kwanza, na aliyelala chini ni Bentt.

Mtu ambaye hajawahi kukaa na bondia chipukizi baada ya kipigo cha namna hiyo hawezi kujua uzito wake. Kijana hataki kutoka nje. Bentt alikaa pembeni muda mrefu. Kilichomrudisha ni kazi ya kuwa mpinzani wa mazoezi wa bondia Evander Holyfield: unapopigana na mtu wa kiwango kile siku baada ya siku bila kulala chini, mwili unaanza kukuamini tena. Akarudi ulingoni na kushinda mfululizo.

Kisha ikaja Tulsa, Oklahoma, tarehe 29 Oktoba 1993. Mwenye mkanda wa dunia wa WBO, mojawapo ya mashirika ya ngumi ya dunia, alikuwa Tommy Morrison, aliyekuwa amemshinda George Foreman miezi michache tu kabla. Morrison alishakuwa mtu wa filamu: mwaka 1990 alicheza Tommy Gunn katika Rocky V. Mamilioni ya dola ya pambano na Lennox Lewis yalikuwa yanamsubiri, na Bentt alipangwa kama mtu wa kupashia misuli moto. Morrison alianza kwa fujo. Konde lake la kushoto likamyumbisha Bentt hadi kwenye kamba, ukumbi mzima ukasimama. Akamfuata amalizie, mkono wa kushoto ukiwa umeshuka chini ya kidevu. Huwa nasimamisha video hapo na kuwaonyesha vijana ninaowafundisha ngumi: mgongo wa Bentt uko kwenye kamba, lakini macho yako wazi na kidevu kimefichwa. Konde la kulia likatoka. Morrison akaenda chini, akainuka, akaenda chini tena, na mara ya tatu refa akamaliza kazi. Raundi ya kwanza, hata dakika mbili hazijatimia.

Mkanda ulikaa naye chini ya miezi mitano. Mwezi Machi 1994 alipigana na Herbie Hide katika uwanja wa Millwall, London, jiji alilozaliwa. Alipoteza kwa nokauti raundi ya saba. Baada ya pambano akapoteza fahamu, akalazwa akiwa na jeraha la ubongo, na madaktari wakamwambia ngumi basi. Hakupigana tena.

Kinachowashinda mabondia wengi mbele ya kamera si ngumi, maana hizo wanazijua. Bondia hutumia maisha yake yote kujifunza kuficha maumivu. Ukipigwa ini, uso usibadilike, kwa sababu mpinzani akiona tu, anakuja kukumaliza. Mwigizaji anatakiwa kufanya kinyume chake: konde halijamgusa, lakini sisi watazamaji tulione limeingia. Niliwahi kuombwa kusaidia vijana waliokuwa wanarekodi filamu ndogo hapa Dar, nikaenda na bondia wangu mmoja. Mwenzake anarusha konde linalopita hatua nzima mbele ya pua, yeye anasimama imara na kuinua mikono kujikinga. Tulirudia asubuhi nzima. Aliniambia, "Kocha, shingo inakataa." Nilimwelewa, kwa sababu ndiyo shingo niliyomjengea mwenyewe kwa miaka minne.

Mwongozaji Michael Mann alipotengeneza filamu ya Ali, inayomhusu bondia Muhammad Ali na iliyotoka mwaka 2001, Will Smith, aliyemcheza Ali, ndiye aliyefundishwa ngumi hadi akawa na miguu ya bondia. Wapinzani wake, lakini, Mann aliwachukua kutoka ulingoni. James Toney alicheza Joe Frazier, Charles Shufford akacheza George Foreman, Bentt akacheza Sonny Liston. Pambano la Ali na Foreman la Kinshasa lilirekodiwa huku kwetu kusini kidogo, Maputo.

Kwa upande wangu, Liston ndiye aliyekuwa mgumu kuigiza kuliko wote. Huyu ni bingwa aliyewatisha wenzake kwa kuwatazama tu, na tarehe 25 Februari 1964, Miami Beach, alipopigana na Ali, alikaa kwenye kigoda akakataa kutoka kwa raundi ya saba. Mwigizaji wa kawaida angemcheza kama jitu hadi sekunde ya mwisho, kisha angevunjika ghafla. Bentt anamfanya azeeke raundi kwa raundi. Jebu ya kushoto, yaani konde la kunyoosha mkono, silaha kuu ya Liston, inaanza nzito, halafu inachelewa kurudi begani. Miguu inaacha kufuata mikono. Hayo huyajui kwa kuambiwa. Unayajua kama uliwahi kusimama mbele ya kijana mwenye kasi kukuzidi, na yeye alisimama mbele ya Hide.

Mann alimwita tena. Katika Public Enemies ya mwaka 2009 Bentt ni Herbert Youngblood, mfungwa aliyetoroka na jambazi John Dillinger kutoka jela ya Crown Point, Indiana, mwaka 1934. Hakuna ulingo wala glovu, ila mtazame anavyotembea kwenye kile korido: uzito uko kwenye vidole vya mguu wa nyuma, kisigino hakigusi sakafu.