Je, wajua kwa nini noti ya saba ya maina hupandishwa?

Kwaresima iliyopita kwaya yetu ilikwama kwenye kipande kifupi sana cha wimbo. Karatasi ya sol-fa upande wa alto iliandikwa l – se – l, lakini akina mama waliimba l – s – l. Sauti zilikuwa nzuri na zimekaa pamoja, ila kila wakifika kwenye noti ile ya katikati, wao na kinanda walisuguana mpaka wenyewe wakawa wanakunja nyuso. Tukarudia mara nne. Mwishowe mmoja wao akauliza: "Mwalimu, hii se imetoka wapi? Mbona haimo kwenye do re mi?"

Swali zuri mno, na ni kweli haimo. Majina ya sol-fa ni saba: do, re, mi, fa, so, la, ti. Se ni so iliyopandishwa nusu toni, na nyimbo zinazoileta mara nyingi ni zile za maina, yaani zile ambazo nyumbani kwake ni la badala ya do. Ukijua kwa nini so hupandishwa pale, umeshaielewa ngazi, yaani mpangilio wa noti, ambayo wanamuziki huiita maina ya hamonia.

Chukua kinanda, au programu ya kinanda kwenye simu. Anza C upande mpaka C ya juu kwa vibonyezo vyeupe tu. Hiyo ni meja. Sikiliza hatua ya mwisho, B kwenda C: vibonyezo hivyo viwili vimegusana, hakuna cheusi kati yao. Ni nusu toni. Sasa anza A upande mpaka A, vyeupe tu tena: A, B, C, D, E, F, G, A. Hiyo ni maina ya asili: A ndiyo la, na G, noti ya saba, ndiyo so. Hapa hatua ya mwisho ni G kwenda A, na katikati yake kuna cheusi. Ni toni nzima. Kwenye meja ulifika nyumbani kama mtu aliyevutwa mkono. Kwenye maina ya asili unafika polepole tu, bila msukumo.

Tuweke hesabu. A ya kupimia vyombo hutetemeka mara 440 kwa sekunde. G iliyo chini yake ni 392. G shapu, kile kibonyezo cheusi, ambayo ndiyo se yetu, ni kama 415. Noti iliyosogea karibu hivyo na nyumbani huliacha sikio likisubiri, halitulii mpaka noti ile iende kwake. Ndiyo maana huitwa noti ongozi. Na tazama kilichotokea kwenye kwaya yetu: kinanda kilikuwa kinapiga 415 wakati alto wako 392. Noti mbili zilizobanana kiasi hicho hukwaruzana, na hata asiyejua noti hata moja husikia kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Lakini kwa nini kinanda kilipiga G shapu? Hapa ndipo lilipo jina la hamonia. Nia ya kuipandisha noti hiyo ilikuwa kurekebisha kodi, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja. Kodi inayorudisha wimbo nyumbani kwa nguvu kuliko zote ni ya tano, na katika A maina kodi ya tano hujengwa juu ya E. Ukitumia vibonyezo vyeupe unapata E, G, B, kodi ya maina, laini, isiyodai chochote. Pandisha G tu, upate E, G shapu, B. Imegeuka meja. Piga hiyo, kisha A maina. Halafu rudia ukitumia ile ya kwanza. Fanya jaribio hili mwenyewe hata kama hujawahi kugusa kinanda, kwa sababu tofauti yake inasikika zaidi ya inavyoelezeka.

Waimbaji wa Ulaya walilijua hili tangu zamani. Katika nyimbo za kale za kanisa, walipokaribia mwisho wa mstari walipandisha noti ile wenyewe, mara nyingi bila alama yoyote kwenye karatasi. Ilitegemewa kwamba mwimbaji aliyefundwa anajua. Kufikia karne ya 17, mfumo wa meja na maina ulipokuwa ukijijenga, alama yake ilikuwa inaandikwa zaidi. Hata hivyo mpaka leo haiwekwi mwanzoni mwa mstari pamoja na alama za ufunguo. Huandikwa pale pale inapotokea, kila mara. Kwa hiyo yule mama hakukosea kuiona kama mgeni: kwenye noti za mistari huja na shapu yake, kwenye sol-fa huja na jina lake la se.

Ukitaka kuisikia kwenye wimbo unaoujua, chukua Für Elise, kipande ambacho Beethoven alikiandika mwaka 1810 na ambacho karibu kila anayejifunza piano hukipitia. Baada ya ule mwanzo unaozunguka, mkono wa kulia unapanda C, E, A, B. Kisha unapanda tena: E, G shapu, B, C. Noti tatu za kwanza za upandaji huo wa pili ni kodi ya E meja iliyotawanywa noti moja moja, na G shapu iko katikati yake.

Marekebisho hayo yaliacha pengo. G ilipopanda kuisogelea A, iliiacha F nyuma. Kati ya F na G shapu sasa kuna nusu toni tatu, umbali ule ule wa A mpaka C, ingawa kwa majina F na G ni majirani. Watunzi wengi wa Ulaya waliona kuruka hivyo katikati ya wimbo ni kugumu kwa mwimbaji, wakaipandisha F pia wakati wa kupanda na kuzirudisha zote mbili wakati wa kushuka. Hiyo ndiyo maina ya melodia. Mimi naamini ni makosa kumpa mwanafunzi mpya maina ya hamonia akimbie nayo juu na chini kama zoezi la vidole. Aanze na kodi mbili, E meja na A maina, mpaka sikio lizoee. Akina mama wetu walishika se siku ile ile nilipowapigia kodi hizo mbili tu, taratibu, bila maneno ya wimbo.

Pengo hilo ambalo wengine walilikwepa, kwingine ni roho ya muziki. Katika makamu ya Kiarabu, yaani mpangilio wa noti wa muziki wao, iitwayo Hijazi, umbali huo uko kati ya noti ya pili na ya tatu, ingawa wapigaji wa udi na waimbaji mara nyingi huupunguza kidogo kuliko kinanda kinavyoweza. Makamu hiyo ilikua yenyewe, haikuzaliwa na kodi za Ulaya. Mtu wa Unguja au Mombasa ameizoea tangu utotoni: adhana nyingi huadhiniwa kwa Hijazi, na taarabu ya asili, ile ya kanuni, udi na fidla ambayo kikundi cha Ikhwani Safaa kimeipiga Zanzibar tangu 1905, inazijua makamu za Kiarabu vizuri.

Rudi kwenye kinanda chako. Tumia noti zile zile za maina ya hamonia, usibadilishe hata moja, ila usianzie A. Anzia E: E, F, G shapu, A, B. Kaa kidogo kwenye F kabla ya kuruka. Utaisikia Hijazi kabla hujafika B.