Nyuki wa milimani na kipepeo wa msituni: tunayoyaamini na yalivyo

Wengi tumefundishwa kwamba mdudu hana joto lake mwenyewe: hewa ikipoa naye hupoa, asiruke mpaka jua limpashe. Kwa vipepeo wengi hilo ni kweli. Kwa nyuki wa jenasi ya Bombus, wale wanene wenye manyoya mazito, si kweli hata kidogo. Mtazame kwa karibu asubuhi ya baridi: ametulia juu ya ua, mabawa hayapigi, lakini tumbo linapwita haraka haraka. Ndani ya kifua, misuli ya kurukia inajikaza na kutetemeka hadi joto lifikie nyuzi 30 hivi. Hapo ndipo anaporuka. Malkia hutumia joto hilohilo kuatamia mayai yake, na kwangu mimi hakuna jambo la kustaajabisha zaidi katika maisha ya nyuki huyu.

Wapo wanaodhani hewa nyepesi ya milimani humshinda. Mwaka 2014, watafiti Michael Dillon na Robert Dudley walichapisha majaribio waliyofanya kwa madume ya Bombus impetuosus, waliokamatwa kwenye mita 3,250 huko Sichuan, China. Nyuki hao waliwekwa katika chumba cha majaribio, hewa ikapunguzwa hatua kwa hatua, na wawili kati yao waliendelea kuruka katika hali inayolingana na zaidi ya mita 9,000, juu kuliko Everest. Hawakupiga mabawa haraka zaidi. Waliyazungusha kwa upana zaidi.

Kuhusu kipepeo: buluu ya morpho wa Amerika ya Kati na Kusini si rangi iliyopakwa. Ni mwanga unaoakisiwa na vigamba vyenye matabaka membamba mno. Wala yeye si mnywaji wa maua tu, kwani chakula chake kikubwa ni maji ya matunda yanayooza.

Vilevile si kila kipepeo hufa baada ya siku chache. Heliconius, ambaye hula chavua, anaweza kufikisha miezi sita, wakati nyuki kibarua wa Bombus huishi wiki chache tu.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba dunia ikizidi joto, nyuki wa baridi ndiye atakayeumia na kipepeo wa tropiki atastarehe. Nyuki anaumia kweli: Ulaya na Amerika Kaskazini, spishi nyingi zimepoteza maeneo ya kusini yenye joto. Lakini wadudu wengi wa tropiki tayari wanaishi karibu na kikomo cha joto wanachoweza kustahimili, kwa sababu huko halijoto hubadilika kidogo sana mwaka mzima. Kipepeo aliyezoea kivuli cha msitu akikatiwa miti, hupata joto hilo la ziada hata kabla hali ya hewa haijabadilika.