Je, wajua Euler alithibitishaje kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa?

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa na umri wa miaka 65 na karibu haoni kabisa, alitangaza kwamba 2,147,483,647 ni mojawapo. Namba hiyo ni 2³¹ − 1, yaani mbili thelathini na moja zikizidishwa pamoja, kisha ikatolewa 1.

Anayetafuta kigawo hana haja ya kuvuka kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei, kwa kuwa vigawo huja wawili wawili na mdogo wao hauzidi hapo. Hata hivyo, chini ya kikomo hicho zipo namba tasa karibu 4,800. Euler hakuzijaribu zote, na sababu yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari hii.

Tuanze na namba ndogo ya jamii hiyohiyo: 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ambayo ni 23 × 89. Gawanya vipeo vya 2 (yaani 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea) kwa 23, ukiandika baki tu: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Baki 1 limefikiwa katika hatua ya 11, na kuanzia hapo mzunguko unajirudia. Mwanahisabati Fermat alikwisha kueleza kwamba kwa namba tasa witiri yoyote p, kipeo cha 2 cha hatua ya p − 1 huacha baki 1; hivyo mzunguko wa hatua 11 lazima uingie kamili katika 22, nao huingia mara mbili. Kwa 89, huingia mara nane katika 88.

Kwa kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1, kipeo 2³¹ huacha baki 1, hivyo mzunguko ni wa hatua 31, na kwa kuwa 31 ni tasa, hauwezi kuwa mfupi zaidi. Kwa hiyo kigawo chochote tasa, kikipunguzwa 1, hugawanyika kwa 31, na pia kwa 2 kwa sababu kigawo chenyewe ni witiri: kinapaswa kuwa 62k + 1. Sharti jingine, kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 kiache baki 1 au 7, linabakiza maumbo mawili tu, 248k + 1 na 248k + 63. Chini ya 46,340 namba za maumbo hayo hazizidi 373, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo huachwa bila kujaribiwa. Zilizobaki Euler alizijaribu, wala hakuna iliyogawanya.

Chujio hilo halijastaafu. Namba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyotangazwa kuwa tasa mwaka 2024 na yenye tarakimu 41,024,320, haiwezi kuthibitishwa kwa kugawanya, bali kwa jaribio la Lucas na Lehmer, njia ya kupima kama namba ya aina hii ni tasa bila kutafuta vigawo vyake. Lakini kabla ya kompyuta kuanza jaribio refu la utasa kwa namba za aina hii, hutafuta kwanza vigawo vidogo vya umbo 2kp + 1, safari hii p ikiwa ni idadi ya mbili zinazozidishwa, kama 31 katika 2³¹ − 1, vyenye baki 1 au 7 kwa 8.