Elimu kwa Umma: Matumizi ya Aifremu katika Tovuti

Kufuatia maswali na malalamiko ambayo kitengo chetu cha TEHAMA hapa Dar es Salaam kimeendelea kupokea kutoka kwa wamiliki wa tovuti wanaodhani kwamba aifremu (iframe), yaani dirisha ndani ya ukurasa linaloonyesha ukurasa mwingine, imepigwa marufuku, tunapenda kufafanua kwamba haijapigwa marufuku. Kilichoondolewa katika HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, mwaka 2014, ni frameset, ile ya zamani iliyokata ukurasa mzima vipandevipande. Tumelieleza hili mara nyingi kiasi kwamba inashangaza kuulizwa tena.

Aifremu inafaa pale ambapo kinachoonyeshwa kinatoka kwa mwingine na kinapaswa kutengwa na msimbo wako: ramani, video, au fomu ya kadi ambayo namba zake humfikia mtoa huduma ya malipo bila kupita kwako. Kwa menyu na habari zako mwenyewe, haina kazi. Hata ramani ina adabu yake. Chukulia duka la Kariakoo lililoijaza skrini yote ya simu kwa ramani: mteja anayetelezesha kidole ili afikie namba za duka zilizo chini anaweza kujikuta ameisogeza ramani hadi Kigamboni, na ukurasa uko palepale. Ipunguzwe, iwekewe loading="lazy", yaani agizo la kutoipakua hadi mteja aikaribie, isije ikala bando la mteja kabla hajaifikia, na ipewe title, yaani jina, kwani asiyeona hutegemea jina hilo kupitia kisoma skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti.

Zito zaidi ni ukurasa wako kuwekwa ndani ya aifremu kwenye tovuti ya mtu mwingine. Tapeli anaweza kuulaza ukurasa wa kuthibitisha malipo, akiwa ameufanya usionekane, juu ya kitufe cha "Pokea zawadi". Mtumiaji aliyekwisha kuingia kwenye akaunti yake hubofya zawadi, kumbe amethibitisha malipo. Kinga ni seva kukitumia kivinjari, pamoja na ukurasa, agizo la usalama liitwalo Content-Security-Policy lenye frame-ancestors 'self', yaani tovuti yako pekee ndiyo iruhusiwe kuuweka ukurasa ndani ya fremu, au 'none' kwa kurasa zisizopaswa kuonekana ndani ya fremu yoyote, pamoja na X-Frame-Options, agizo la kazi hiyohiyo, kwa ajili ya vivinjari vya zamani. Maagizo haya hutumwa na seva; yakiandikwa kwenye lebo ya meta ndani ya msimbo wa ukurasa wenyewe, vivinjari huyapuuza.

Ikumbukwe kwamba udanganyifu unaohusiana na kompyuta ni kosa chini ya kifungu cha 12 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au mara tatu ya thamani ya manufaa yaliyopatikana, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Adhabu hiyo ni ya tapeli; aliyepachika video ya harusi kwenye tovuti ya ukumbi wake haimhusu, na hana sababu ya kutupigia simu.