Amlodipini imefika miligramu 10 na presha bado iko juu, sasa tufanyeje?

Kadi za kliniki ya presha zinafanana kuliko wenye kadi wanavyodhani. Mwanzoni imeandikwa amlodipini (dawa ya kulegeza mishipa ya damu) miligramu 5, rudi baada ya mwezi. Chini yake presha 164 kwa 98, amlodipini miligramu 10, rudi baada ya mwezi. Afu inapita miezi hamna kilichoandikwa, mtu alisafiri, au nauli haikupatikana, akija kurudi ni 170 na miguu imevimba, na hapo anaambiwa apunguze chumvi na aache mawazo. Mawazo! Mtu ana watoto watano na ada ya shule haijalipwa, unamwambia aache mawazo.

Mimi ni daktari wa moyo na mishipa ya damu, na niseme tu wazi kwamba wengi ninaowaona na moyo uliotanuka au upande mmoja umepooza sio watu waliokataa dawa. Wapo waliozitupa kweli wakaenda kwenye kitunguu swaumu na malimao, hao tuwaache kwanza. Ila wapo wengi tu waliokuwa wanakunywa kila siku bila kukosa, tatizo walikuwa wanapandishwa ngazi ya dawa moja polepole mno, na tafiti za miaka ya karibuni zinatuambia hiyo ngazi yenyewe ndo mbovu.

Kabla ya dawa lakini tuongelee upimaji, maana kuna watu wanaongezewa dozi kwa presha ambayo hawana.

Mama mmoja aliingia juzi chumbani kwangu na karatasi ya presha kutoka nje, 168 kwa 100. Nikamwamkia, nikamuuliza, mama umekunywa dawa leo asubuhi? Akanishangaa, "Hapana mwanangu, si nilikuwa nakuja kupima? Hata chai sijanywa." Hii naisikia sana sana, watu wanafikiri kliniki ya presha ni kama kipimo cha sukari cha asubuhi kwamba uende tumbo tupu na dawa uziache nyumbani. Afu nikamuuliza alikaaje wakati anapimwa. Kwenye benchi, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya mkono wa gauni, na alikuwa anaongea na jirani yake. Jamani.

Baltimore kule Marekani, watafiti wa Johns Hopkins waliwachukua watu wazima 133 wakawapima mkono ukiwa juu ya meza, ukiwa mapajani, na ukiwa unaning'inia pembeni. Matokeo yalitoka 2024. Mkono ukiwa mapajani namba ya juu ilizidi kwa karibu 4, ukining'inia ilizidi kwa 6 na nusu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kulekule Baltimore, walikuwa wameangalia ukubwa wa mkanda, na hapo ndo utashangaa: mtu mnene anayehitaji mkanda mkubwa kabisa ukimfunga ule wa kawaida, namba ya juu inazidi kwa wastani wa 19 na nusu. Yaani mtu mwenye 128 anatoka na 147 na anaanzishiwa dawa za maisha. Na vituo vingi vya kwetu vina mkanda mmoja tu, huohuo kwa bibi aliyekonda na kwa dereva wa lori mwenye mikono kama mapaja yangu.

Kwahiyo kunywa dawa zako kama kawaida siku ya kliniki, pumzika dakika tano bila simu, mgongo uegemee, miguu chini isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2015 wenye watu 9,361, ulioonyesha kwamba kushusha namba ya juu hadi chini ya 120 badala ya chini ya 140 kunapunguza mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kushindwa kazi na vifo vya moyo kwa karibu robo. Watu wanaunukuu sana ila wanasahau kwamba wale walipimwa namna hiyohiyo, wamepumzika, mashine inajipima yenyewe mara tatu. Ile 120 yao sio 120 ya kwenye korido yetu.

Haya, tuseme umepima vizuri na bado ni 160. Sasa tuje kwenye dawa.

Presha haina mlango mmoja. Kuna mishipa kujibana, kuna chumvi na maji kubaki mwilini, kuna homoni zinazoanzia kwenye figo, kuna mishipa ya fahamu na mapigo ya moyo. Ukiziba njia moja mwili unapitia nyingine, ni kama beki anayemkaba mshambuliaji mmoja kwa nguvu zote wakati wenzake wawili wako peke yao golini. Kuongeza dozi ya dawa ileile ni kumuongezea nguvu yule beki mmoja. Hili lilishapigiwa hesabu 2009, walikusanya majaribio 42 yenye karibu watu 11,000, wakakuta kuongeza dawa ya pili ya aina tofauti kunashusha presha mara tano hivi zaidi ya kuongeza dozi ya dawa ya kwanza mara mbili. Mara tano! Na wakati huo madhara ya dawa yanapanda kadiri dozi inavyopanda. Amlodipini ni mfano mzuri kabisa, ukitoka 5 kwenda 10 faida unayoongeza ni ndogo ila kuvimba miguu kunaongezeka sana, na mgonjwa akivimba miguu anajitibu mwenyewe, anaacha dawa na hakwambii.

Hapo ndo likaja wazo la kuanza na dawa mbili au tatu kwa dozi ndogo tangu siku ya kwanza. Sri Lanka walilifanyia utafiti kwa wagonjwa 700, ukachapishwa 2018, kidonge kimoja kina dawa tatu kila moja nusu dozi, telmisatani 20 (ya kuziba zile homoni za figo), amlodipini 2.5 na klothalidoni 12.5 (ya kukojoza). Baada ya miezi sita asilimia 70 walikuwa wamefikia lengo, upande wa waliotibiwa kawaida asilimia 55. Na walioacha kwa sababu ya madhara hawakuwa wengi zaidi, jambo ambalo mimi binafsi ndilo lililonishawishi kuliko hata zile asilimia.

Lakini hao ni watu wa Sri Lanka, na swali la haki kabisa ni je sisi? Kwa muda mrefu tulikuwa tunaazima majibu kwa wenzetu, tunachukua utafiti wa Wamarekani weusi tunasema basi na Waafrika ni hivyohivyo. Utafiti unaoitwa CREOLE ndo ulibadilisha hilo, na naupenda kwa sababu ulifanyika hapahapa: Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kameruni na Afrika Kusini, wagonjwa 728, matokeo 2019. Mmoja wa walioubeba ni profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyefariki 2018 kabla matokeo hayajachapishwa. Waligawa watu makundi matatu, kundi la kwanza amlodipini na haidroklorothayazidi (ile ya kukojoza, wengi mnaiita HCT), la pili amlodipini na perindoprili (nayo ni ya kuziba homoni za figo), la tatu perindoprili na HCT. Na hawakutegemea kipimo kimoja cha kliniki, walimfunga mtu mashine anakwenda nayo nyumbani inampima saa 24, akiwa sokoni, akiwa amelala.

Baada ya miezi sita makundi mawili yenye amlodipini yalifungana, huwezi kuyatofautisha, na yote mawili yalilipita lile la tatu kwa kama 3 kwenye namba ya juu. Najua mtu atasema 3 ni nini. Kwa mtu mmoja ni ndogo kweli, kwa nchi nzima ni viharusi vingi sana. Na kumbuka hiyo ni tofauti kati ya dawa mbili na dawa mbili, sio kati ya dawa na kutokunywa, makundi yote matatu presha ilishuka vizuri.

Sasa ukiingia famasi nyingi za huku na kuulizia kidonge chenye dawa mbili, unachopewa haraka ni losatani yenye HCT, ile ina herufi H kwenye boksi. Losatani haikuwemo kwenye CREOLE na sio aina moja na perindoprili ingawa zote zinaziba njia ileile ya homoni, kwahiyo sisemi haifanyi kazi, wapo wagonjwa wangu iko nao vizuri kabisa. Nasema tu inakaribia zaidi lile kundi la tatu kuliko haya mawili ya kwanza, na kwa mtu mweusi ambaye ndo anaanza dawa ningetamani amlodipini iwemo kwenye mchanganyiko. Sababu ni kwamba wengi wetu miili inatunza chumvi sana, na ile homoni ya figo inayozibwa na dawa kama perindoprili na losatani huwa iko chini tayari, kwahiyo hizo peke yake zinakuwa hazina mengi ya kuziba. Zikiwa na amlodipini ni habari nyingine, tena zinapunguza hata ule uvimbe wa miguu. Na kitu kimoja muhimu, perindoprili, losatani na telmisatani hazitakiwi kwa mjamzito, zinaweza kumdhuru mtoto, kwahiyo dada unayepanga kubeba mimba mwambie daktari mapema, usisubiri kliniki ya wajawazito.

Mwaka 2025 Nigeria wakaja na jingine, watu 300, kidonge kimoja cha telmisatani, amlodipini na indapamidi (nayo ya kukojoza) kwa dozi ndogo, kikashindanishwa na utaratibu wa kawaida wa kuanza na amlodipini na kuongeza taratibu. Baada ya mwezi mmoja tu asilimia 81 ya waliopewa kidonge cha dawa tatu presha ilikuwa imekaa sawa kwenye kipimo cha kliniki, wenzao 55. Kwa mtu wa kijijini ambaye kurudi kliniki ni nauli na siku nzima ya kazi, huo mwezi mmoja ni kila kitu, maana huenda hutamuona tena mpaka mwakani.

Shirika la Afya Duniani vidonge hivi vya mchanganyiko liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2019, na 2021 likatoa mwongozo unaosema inapowezekana anza na mchanganyiko, tena ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Kwahiyo sio mawazo yangu mimi. Kinachotukwamisha ni bei na upatikanaji, dispensari nyingi amlodipini ipo, HCT ipo, kidonge kimoja chenye vyote hakipo au bima haikilipii. Msimamo wangu ni kwamba vidonge viwili tofauti vya bei rahisi ni bora kuliko kimoja cha kisasa unachokosa kila baada ya mwezi. Na sisi madaktari tuache uvivu, mgonjwa ana 165, umempima vizuri, anakunywa dawa yake, unaandika "endelea na dawa zilezile" kwa sababu foleni ni ndefu. Hilo halihitaji utafiti mwingine.

Wewe usijiongezee dawa kwa kuazima ya jirani, nawajua. Nenda na maboksi yote, pamoja na ya dawa za maumivu, maana diklofenaki na aibuprofeni zinapandisha presha na hakuna anayezitaja mpaka uulizwe. Uliza kwa heshima tu, dokta badala ya kunipandishia hii siwezi kuongezewa nyingine ndogo?

Chumvi nitaigusa kidogo. China walichukua vijiji 600, watu karibu 21,000, nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake ni chumvi ya potasiamu, na baada ya kama miaka mitano viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Chumvi hiyo kwetu ni ya kutafuta kwa tochi, na mwenye ugonjwa wa figo au anayekunywa spironolaktoni (dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini) asiiguse bila kupima damu, potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Mnaopika na vile vidonge vya kuungia mchuzi, hesabuni na hiyo kama chumvi.

Na swali ninaloulizwa kuliko yote, ninywe asubuhi au usiku? Liliwahi kuvuma kwamba usiku ndo inaokoa maisha, Uingereza wakalipima kwa watu 21,104, wakatoa majibu 2022, hamna tofauti. Mzee anayekunywa akitoka swala ya Alfajiri aendelee, anayekunywa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku naye aendelee, cha msingi iwe saa ambayo hataisahau. Ila yenye HCT au indapamidi ninyweeni asubuhi tu, vinginevyo usiku mzima ni safari za chooni na kesho yake utasema dawa haikufai.