Kurudia hatua mara tatu si sare
Kwenye meza za chesi hapa Nairobi bado husikika kwamba mchezaji akiipeleka ngome yake na kuirudisha mara tatu, mchezo umekwisha sare. Sivyo. Kinachohesabiwa ni hali ya ubao mzima: kete zilezile katika miraba ileile, zamu ya mchezaji yuleyule na hatua zilezile zinazoruhusiwa, hata kama hali hiyo imejitokeza kwa nyakati zilizoachana. Mpinzani akisogeza askari mmoja tu, hesabu huanza upya, kwa kuwa askari harudi nyuma. Tena, kwa kanuni za FIDE, shirikisho la chesi duniani, mara ya tatu sare hudaiwa na mwenye zamu. Mara ya tano ndipo mchezo huisha bila kudaiwa.